KIJIJI KILICHOFUNGUA DUKA KWENYE INTANETI

Katika nchi ya China kuna kijiji kinachoitwa Dongfeng. Kijiji hicho kiko Shaji, katika wilaya ya Suining, jimbo la Jiangsu. Zamani watu wa Dongfeng hawakuwa na mali. Ardhi yao haikuwa nzuri kwa kilimo. Walifuga nguruwe na kutengeneza tambi. Wengine walikusanya plastiki kuukuu, wakaisafisha na kuiuza. Vijana wengi waliondoka kijijini kwenda mijini kutafuta kazi.

Siku hizi kijiji hicho kinajulikana kwa kazi ya fanicha. Meza, vitanda na rafu za kuwekea vitabu hutengenezwa kijijini na kupelekwa katika miji ya mbali. Wanunuzi wengi hawajafika Dongfeng hata siku moja. Hawamjui fundi wala muuzaji. Waliona picha tu, wakalipa, na mzigo ukawafikia nyumbani.

Jambo hili lilifanyikaje? Je, liliwaletea wanakijiji faida tu, au lilikuja na matatizo yake? Ndugu msomaji, tufuatane tuone.

SOKO LISILO NA UWANJA

Intaneti ni njia ya mawasiliano. Inaunganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Mtu wa kijijini akiweka picha ya bidhaa yake kwenye intaneti, mtu aliye mbali anaweza kuiona wakati ule ule.

Mwaka 1999 mtu mmoja aitwaye Jack Ma, pamoja na wenzake, walianzisha kampuni iitwayo Alibaba katika mji wa Hangzhou, huko huko China. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilifungua soko kwenye intaneti. Soko hilo linaitwa Taobao. Halina uwanja wala mabanda. Ye yote mwenye kitu cha kuuza aliweza kufungua duka lake humo bila kulipa kodi ya duka.

Lakini palikuwa na tatizo moja kubwa. Mnunuzi na muuzaji hawakujuana. Mnunuzi aliogopa kutuma fedha kabla ya kuona mzigo. Muuzaji naye aliogopa kutuma mzigo kabla ya kuona fedha. Nani atangulie?

Mwaka huo huo wa 2003 kampuni ilianzisha njia ya malipo iitwayo Alipay. Njia hiyo ilifanya kazi hivi:

1. Mnunuzi analipa, lakini fedha haziendi kwa muuzaji. Zinashikwa na mtu wa kati.
2. Muuzaji anaambiwa kwamba fedha zimekwisha kulipwa. Anatuma mzigo.
3. Mnunuzi anapokea mzigo na kuukagua.
4. Mnunuzi akiridhika, muuzaji anapewa fedha zake.

Huu si ujuzi mpya. Hata vijijini watu wawili wasioaminiana humshikisha fedha mzee mwaminifu mpaka mambo yaishe. Alipay ilifanya kazi ya mzee huyo. Bila ya uaminifu huo soko lisingekua.

KIJANA WA DONGFENG AANZA

Mwaka 2006 kijana mmoja wa Dongfeng, Sun Han, alifungua duka katika soko la Taobao. Mwanzoni aliuza vitu vidogo vidogo. Mwaka 2007 alikwenda katika mji wa Shanghai. Huko aliona duka la kampuni ya IKEA. Kampuni hiyo inatoka Sweden, na inauza fanicha nyepesi ambazo mnunuzi huziunganisha mwenyewe nyumbani.

Sun Han aliona kwamba fanicha ya namna hiyo inafaa kuuzwa kwa mbali. Kabati kubwa lililokwisha unganishwa ni zito, linajaza gari, na huvunjika njiani. Lakini rafu iliyokatwa vipande hulala katika boksi moja bapa. Mnunuzi akipewa vipande, skrubu na maelezo, anaweza kuiunganisha mwenyewe kwa bisibisi.

Aliporudi nyumbani, aliwatafuta mafundi seremala, wakamtengenezea rafu. Akapiga picha, akaziweka dukani mwake. Watu wakanunua. Rafiki zake wakaingia katika kazi hiyo. Jambo hilo halikufichika. Majirani waliona mizigo ikitoka kila siku. Wakauliza, wakajifunza, nao wakafungua maduka yao.

Kazi nyingine zikazaliwa. Wengine walikata mbao. Wengine waliuza skrubu na maboksi. Wengine walipiga picha za bidhaa. Wengine walifungasha na kubeba mizigo. Makampuni ya kusafirisha vifurushi yakafungua ofisi huko Shaji. Baadhi ya vijana waliokwenda mijini wakarudi nyumbani kufanya kazi.

Mwaka 2009 watafiti wa Alibaba walivitaja vijiji 3 vya kwanza vilivyoitwa "vijiji vya Taobao". Dongfeng kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Hadi mwaka 2013 vilikuwa vimefika 20. Mwaka 2020 hesabu yao ilikuwa vijiji 5,425.

Tusifikiri kwamba intaneti peke yake ilifanya kazi hiyo. Palikuwa na mafundi. Palikuwa na umeme, na barabara ambazo magari ya mizigo yaliweza kupita. Intaneti ilimleta mnunuzi. Rafu ilitengenezwa kwa mikono na mashine, na ilisafirishwa kwa gari.

MLANGO ULIO WAZI KWA WOTE

Sasa tuangalie matatizo. Mlango ulio wazi kwa mtu mmoja uko wazi kwa wote. Ikiwa ni rahisi kwako kufungua duka, ni rahisi kwa jirani yako pia.

Huko Dongfeng watu wengi walitengeneza rafu zinazofanana. Mmoja akibuni kitu kipya na kuweka picha yake, baada ya muda mfupi wengine wanatengeneza kitu kile kile. Mnunuzi akiona rafu kumi zinazofanana, atachagua ipi? Mara nyingi atachagua yenye bei ndogo. Basi kila muuzaji akapunguza bei.

Tufanye hesabu. Hesabu hii ni mfano tu, si bei za Dongfeng. Tuseme rafu moja inauzwa kwa yuan 100. Yuan ni fedha za China.

Mbao na kazi ya fundi: yuan 55.
Boksi na usafiri: yuan 20.
Matangazo: yuan 10.
Jumla ya gharama: yuan 85.
Faida: yuan 15.

Jirani akiuza kwa yuan 90, nawe ukamfuata, faida yako itakuwa yuan 5. Akishuka tena hadi 85, hupati kitu. Umefanya kazi, rafu imekwenda, lakini mfukoni hamna fedha.

Hapo wengine huingia katika tamaa. Hutumia mbao mbaya ili kupunguza gharama. Mnunuzi akiona ubovu, anaandika malalamiko yake dukani, na kila anayekuja baadaye anayasoma. Tena, tangu mwaka 2014 sheria ya China inamruhusu aliyenunua bidhaa nyingi za intaneti kuirudisha katika siku 7. Rafu ikirudi, hasara ni kubwa.

Wale waliobaki na nguvu ni wale waliojitofautisha. Walitafuta mbao bora. Walibuni fanicha zao wenyewe na kujiandikishia jina la biashara. Waliwajibu wanunuzi kwa heshima na kutuma mizigo kwa wakati.

TANGAZO LINA BEI YAKE

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko la intaneti hata kizuri hujitembeza. Kwa nini?

Mnunuzi anapotafuta rafu, anaandika neno "rafu" kwenye simu yake. Mara hiyo anaonyeshwa rafu nyingi mno. Hawezi kuziangalia zote. Huangalia za mbele tu. Duka lililo nyuma halionekani, hata kama bidhaa zake ni nzuri.

Kwa hiyo wauzaji hulipa ili wawekwe mbele. Kila mtu anapoligusa tangazo lako, unakatwa fedha, hata kama hakununua kitu. Wauzaji wakiwa wengi wanaotaka nafasi ile ile, bei ya nafasi hupanda. Hivyo ndivyo mwenye soko anavyopata fedha. Kufungua duka ni bure, lakini kuonekana si bure.

Wauzaji wengine walitafuta njia ya udanganyifu. Waliwalipa watu wajifanye wamenunua, kisha waandike sifa za uongo. Sheria ya biashara ya intaneti ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, inakataza jambo hilo. Nawe msomaji, usiamini kila sifa unayoisoma. Huenda aliyeiandika amelipwa.

SOKO LINA MWENYEWE

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Soko la intaneti ni mali ya kampuni. Kampuni inaweza kubadili masharti.

Mwezi wa Oktoba 2011 jambo hilo lilionekana wazi. Alibaba ilikuwa na soko jingine lililoitwa Taobao Mall, ambapo wauzaji walilipa ada kila mwaka. Ada hiyo ilikuwa yuan 6,000. Kampuni ilitangaza kwamba itapanda hadi yuan 30,000 kwa wengine, na 60,000 kwa wengine. Dhamana ya kuweka nayo ilipandishwa sana. Kampuni ilisema inataka kuondoa wauzaji wabaya na bidhaa za bandia.

Wauzaji wadogo walikasirika. Maelfu yao walikwenda kwenye maduka makubwa ya soko hilo, wakaagiza bidhaa na kuzikataa, na kuandika maneno mabaya. Serikali ya China ilizitaka pande zote zitafute suluhisho. Baada ya siku chache kampuni iliahirisha ada mpya kwa wauzaji wa zamani.

Fundisho ni hili. Mtu aliyejenga biashara yake yote katika uwanja wa mwingine lazima ajue kwamba mwenye uwanja anaweza kupandisha kodi. Ni vizuri awe na orodha ya wateja wake na namba zao. Soko likibadilika, aweze kuwafikia.

Hata njia za kuuza hubadilika. Miaka ya kwanza watu walinunua kwa kompyuta. Baadaye walihamia kwenye simu. Mwaka 2016 Taobao ilianza njia ya kuuza kwa picha za video za papo hapo. Muuzaji hujionyesha mwenyewe, huishika bidhaa, huieleza na kujibu maswali. Hata wakulima wameuza matunda yao kwa njia hiyo wakiwa shambani. Aliyejua kupiga picha tu amelazimika kujifunza kusema mbele ya watu. Katika biashara hii elimu haiishi.

KABLA YA KUANZA

Hapa kwetu pia watu wengi wana simu, na wengi hutuma na kupokea fedha kwa simu. Wapo wanaouza asali, mikeka au nguo kwa kuonyesha picha. Ukitaka kuanza, jiulize kwanza:

Bidhaa yangu ina tofauti gani na ya wengine?
Je, inaweza kusafiri bila kuharibika?
Gari gani litaibeba, na kwa nauli gani?
Nikitoa gharama zote, pamoja na fedha za intaneti na matangazo, nitabaki na nini?
Mzigo ukifika ukiwa na ubovu, nitamfanyia nini mnunuzi?

Andika majibu katika daftari. Hesabu ikikataa katika daftari, itakataa pia katika simu.

Tena jihadhari na wezi. Usimwambie mtu ye yote namba yako ya siri. Usitume fedha kwa mtu usiyemjua kwa sababu ya picha nzuri tu. Fedha zikishakwenda, kuzirudisha ni kazi ngumu. Mtu akikuahidi faida kubwa bila kazi, jiulize faida hiyo inatoka wapi. Watu wa Dongfeng walipata fedha kwa sababu palikuwa na rafu, na mtu fulani aliihitaji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini fanicha ya kuunganisha ilifaa kuuzwa kwa mbali?
2. Kwa nini faida ilipungua watu wengi walipouza rafu zinazofanana?
3. Katika kijiji chenu kuna bidhaa gani ambayo haipatikani kwa urahisi mahali pengine?
4. Ni kitu gani kinachozuia bidhaa hiyo kufika mbali: barabara, ubora, fedha au uaminifu? Mnaweza kuanza kurekebisha lipi ninyi wenyewe?