Maji ya wakati wa Mulele: kwa nini tunawauliza wazee ziwa lilifika wapi

Wasikilizaji wanatuuliza mara nyingi kwa nini, katika mazungumzo yetu na wazee, tunarudilia swali moja: maji ya ziwa yalifika wapi? Wengine wangependa mzee aeleze ndoa za zamani, heshima, namna watoto walikuwa wanalelewa. Hayo pia tunayatangaza, na tutaendelea. Lakini kwa mtu anayeishi Uvira, tangu Kalundu mpaka Kavimvira, swali la maji ni swali la nyumba yake na parsele yake.

Kwanza tutofautishe maji mawili, sababu vijana wengi wanayachanganya. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulitoka njiani ukabeba watu na nyumba. Hayo ni maji ya mlimani. Mvua inapiga juu ya Mitumba, mto unashuka na mawe na matope, unaua usiku mmoja, na kesho yake unabaki ni mto wa kuvuka kwa miguu. Maji ya ziwa yana tabia nyingine. Yanapanda polepole, kidole kwa kidole, miezi na miezi. Hayabebi mtu. Yanaingia kwenye choo, kisha jikoni, kisha chini ya kitanda, na yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Njo hayo watu wa kando ya ziwa waliyaona mwaka 2021 na tena 2024, hapa kwetu, Kalemie, na ng'ambo kule Bujumbura.

Kwa nini ziwa linafanya vile? Tanganyika ni kama sufuria kubwa sana yenye tundu dogo. Linapokea maji ya Ruzizi inayotoka ziwa Kivu, ya Malagarasi inayotoka Tanzania, ya mito yetu midogo, na mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: mto Lukuga, pale Kalemie, unaokwenda kuingia Lualaba. Lakini Lukuga inachukua sehemu ndogo. Maji mengi yanakwenda juu, jua linayakausha. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa halina pa kuyatupa maji haraka. Linayatunza. Kila mwaka linapanda mpaka mwezi wa nne au wa tano, linashuka wakati wa kiangazi, lakini mwaka unaofuata linaanzia juu zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa baada ya uhuru. Mwisho wa 1961 na mwaka 1962 mvua kubwa zilipiga upande huu wote wa Afrika, hata ziwa Victoria lilipanda zaidi ya metre mbili. Tanganyika lilifika juu kabisa mwezi wa tano 1964. Ni alama hiyo ambayo wataalamu wanailinganisha na maji ya miaka hii.

Sasa, mzee hatakuambia "mwezi wa tano 1964". Atakuambia: maji yalikuja wakati wa Mulele. Na ana haki, sababu ni mwezi uleule waasi waliingia Uvira. Mambo mawili yalifika pamoja na kichwani yamebaki pamoja. Ila hapa mwandishi wa habari anapaswa kuwa mwangalifu. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa anapigana mbali sana, kule Kwilu, magharibi ya inchi. Upande wetu uasi ulikuwa chini ya Gaston Soumialot. Lakini kwa watu wa hapa jina la Mulele lilifunika yote: waasi, mwaka, njaa, kukimbilia mlimani. Ukimsikia mzee anasema Mulele alipita kwao, usimcheke, na usimwandike kama ushahidi kwamba Mulele alipita. Anakupa tarehe, kwa lugha yake.

Njo maana hatuulizi "mwaka gani?" Swali hilo linamfanya mzee abahatishe kwa kukuheshimu, kwa vile amekuona na kalamu. Tunauliza mambo ambayo mwili unayakumbuka. Baba, wakati ule mitumbwi mlikuwa mnaifunga wapi? Ulikuwa umeshaoa? Mukeke ulinunuliwa kwa franka au kwa zaïre? Hilo la pesa linasaidia sana: zaïre ilianza mwaka 1967, moja kwa franka elfu moja, kwa hiyo mtu anayesema alilipa kwa zaïre yuko tayari upande wa pili wa maji yale. Na akitaja siku noti za 5 na 10 zilikufa, watu wakapanga mistari mbele ya benki, hapo ni mwisho wa 1979. Kwa kuunganisha vipande hivyo tunaweza kuweka hadithi mahali pake bila kumsumbua mwenye hadithi.

Wengi wanafikiri anayejua ziwa ni mvuvi mzee. Mvuvi anajua maji ya katikati, pepo, mahali pa ndagala. Lakini ukitaka kujua ukingo ulikuwa wapi, muulize mama mzee. Mama alikuwa anateka maji kila siku, anafua, anaosha vyombo, anachota mchanga. Njia ilipokatwa na maji, ni yeye aliyetafuta njia nyingine, na mtungi kichwani. Wanaume mara nyingi wanajibu kwa jina la chifu au la chama. Wamama wanajibu kwa mti, jiwe, kona ya nyumba ya mtu. Kwa kazi yetu, kona ya nyumba inashinda chifu.

Hatari ipo pia, na hatuifichi. Mzee naye ana parsele, ana watoto waliouza au wanaotaka kuuza. Aliyeuza kiwanja kando ya maji hatapenda kusema redioni kwamba pale palikuwa ndani ya ziwa. Mwingine atavuta maneno mpaka kwenye mpaka wa ukoo na ukoo, na hapa kwetu maneno ya mpaka yanaweza kuwasha moto. Kwa hiyo mazungumzo ya namna hii hatuyapeleki hewani moja kwa moja. Tunarekodi, tunasikiliza tena, tunauliza swali lilelile kwa mtu wa karte nyingine ambaye hakuwepo. Wawili wakitaja mahali pamoja bila kusikilizana, tunatangaza. Mmoja akibaki peke yake, tunasema wazi ni neno la mmoja.

Baada ya 1964 ziwa lilishuka, mwaka kwa mwaka. Mchanga ulionekana, majani yakaota, watu wakalima, kisha wakajenga. Tangu vita vya 1996 wengine wengi walikimbilia mjini, wanatafuta pa kulala, na kiwanja cha chini kando ya maji kilikuwa bei nafuu. Muuzaji alikuwa na karatasi, mnunuaji aliona pakavu, na karatasi ile haisemi lolote juu ya maji ya zamani. Hakuna aliyesema uongo. Ni kwamba waliokuwa wanajua hawakuulizwa, au waliuliziwa mipaka ya kushoto na kulia, si ya mbele.

Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sasa amepita 70. Wale waliokuwa watu wazima, wenye nyumba na mitumbwi, wamebaki wachache sana, na wengine sauti imekwisha. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, na mnataka kununua chini ya barabara kubwa, mpelekeni pale pale kwa miguu, au kwa piki akiwa hawezi kutembea. Nyumbani mzee atawapa hadithi nzuri. Akisimama mahali penyewe ataangalia mlima, ataangalia maji, atatafuta mti ambao haupo tena, na kwa fimbo yake atawaonyesha.