Kupanga Safari ya Siku Moja Mlimani

Mazungumzo ya leo yahusu safari ya siku moja mlimani, yaani kuondoka asubuhi, kupanda, na kurudi chini kabla ya usiku kuingia. Labda mtu wa Mbwera atauliza, "Sisi tu watu wa mito na mikoko; mlima watuhusu nini?" Watuhusu, kwa sababu vijana wetu husafiri mbali kwa masomo na kwa kazi, na mtu aliyekulia katika nchi tambarare, akiuona mlima mara ya kwanza, hudhani kwamba uko karibu kuliko ulivyo. Dhana hiyo ina hatari.

Neno kubwa la leo ni hili: safari ya mlimani hupangwa kuanzia mwisho wake. Kabla hujainua mguu, weka saa ya kugeuka; na saa hiyo ikifika, geuka.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu aendaye kwa mtumbwi katika vijito vya delta ya Rufiji hatoki wakati wowote apendao, bali hutazama maji kwanza. Ajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Akijisahau, maji humkimbia, mtumbwi ukakwama matopeni, naye akangoja mpaka yajae tena. Mlimani, nuru ya jua ndiyo maji yetu. Ikiisha hairudi hata asubuhi, na baridi ya usiku haimngojei mtu.

Na tuchukue mfano wa Kilimanjaro, njia ya Marangu. Sisemi habari za kufika kileleni, penye kimo cha mita 5,895, maana hiyo ni kazi ya siku nyingi. Nasema habari za kutoka langoni, mita 1,870 hivi juu ya bahari, mpaka kituo cha Mandara, mita 2,720 hivi, na kurudi siku ile ile. Njia ni kilomita 8 hivi kwenda, nayo hupita ndani ya msitu mnene wenye mbega.

Je, kupanda huko kutachukua muda gani? Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima huitumia hata leo: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36. Kimo cha kupanda ni mita 850, yaani saa 1 na dakika 25. Jumla ni saa 3 hivi. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika; basi ongeza saa 1 nyingine, na mwendo wote upimwe kwa yule aliye mzito kuliko wenzake.

Sasa tuhesabu kutoka mwisho. Jua huchwa muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza la msituni hutangulia. Yafaa basi kuwa langoni saa 11. Kushuka tukupe saa 3, kwa kuwa njia yaweza kuteleza na magoti huchoka. Saa ya kugeuka, basi, ni saa 8 mchana. Ukiondoka saa 2 asubuhi utafika Mandara kama saa 6, nawe utakuwa na nafasi ya kula na kupumzika. Lakini saa 8 ikikukuta bado njiani, geuka hapo hapo ulipo.

Katika milima ya Alps, huko Uswisi, Ufaransa na Italia, mwezi wa Juni mchana huzidi saa 15. Hata hivyo wenyeji huondoka alfajiri, kwa sababu radi na mvua za kiangazi hupenda kuja alasiri. Sisi mchana wetu ni kama saa 12 tu mwaka mzima. Hatuna akiba ya nuru kama yao.

Adui wa pili ni baridi. Kila upandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6. Kukiwa na joto la digrii 30 pwani, huko Mandara huenda ikawa digrii 14, na upepo na mvua huzidisha baridi. Nguo ya pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Sufu hufaa zaidi. Chukua koti la mvua, fulana ya akiba ndani ya mfuko usiopenya maji, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, taa, chakula, na maji lita 2 au zaidi. Epuka masika, toka Machi hata Mei. Kuanzia kimo cha mita 2,500 hivi, wengine huumwa kichwa na kutapika kwa upungufu wa hewa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, wala si kuvumilia.

Mlima huo u ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973. Msafiri hulipa ada langoni na kufuatana na kiongozi wa njia. Msikilize. Pia mwachie habari mtu asiyekwenda: njia utakayopita, na saa utakayorudi. Usiporudi, yeye ndiye atakayejua mahali pa kukutafuta.

Kupanga si kazi ngumu; kazi ngumu ni kugeuka ukiwa na nguvu bado, na kituo ukikiona karibu. Tarehe 14 Julai 1865 watu 7, pamoja na Mwingereza Edward Whymper, walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn katika Alps. Wanne wao walianguka wakafa siku ile ile, wakati wa kushuka. Kilele ni nusu ya safari tu. Wazee husema, kutangulia si kufika. Na mlimani, kufika ni kufika nyumbani. Basi, kijana, iandike saa yako ya kugeuka katika karatasi usiku kabla ya safari, wakati kichwa kimetulia, uwaonyeshe wenzako wote.