Jasho Kupita Kiasi: Tiba Ipo, na Huanzia Kituo cha Afya cha Karibu

Jasho ni njia ya mwili kujipoza. Mkata miwa wa Mumias, mwendeshaji bodaboda aliyevaa jaketi nzito au mchezaji anayefanya mazoezi katika uwanja wa Bukhungu hutokwa na jasho, na hiyo ni dalili kwamba mwili unafanya kazi yake. Lakini wapo wakazi ambao viganja vyao hulowa wakiwa wameketi kivulini, shati likalowa makwapani hata asubuhi yenye baridi, na soksi zikakamulika jioni. Hali hiyo ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari. Unaitwa haipahaidrosisi, na una tiba.

Wengi hawaendi kituo cha afya kwa sababu ya haya. Mwanafunzi huona karatasi ya mtihani ikilowa na wino ukisambaa. Fundi wa nguo huchafua kitambaa cha mteja. Mtu anayesalimiwa "mulembe" kwa mkono huuficha mfukoni, akadhaniwa ana maringo. Wengine huambiwa kwamba ni uchafu, woga au kurogwa. Ukweli ni kwamba jasho la viganja ni maji na chumvi tu, na mwenye tatizo hili huenda anaoga kuliko jirani yake. Kinachotokea ni kwamba neva zinaziamuru tezi za jasho kufanya kazi bila sababu. Mara nyingi hali hii hupatikana kwa zaidi ya mtu mmoja katika familia.

Aina mbili za kutofautisha

Aina ya kwanza huanza utotoni au wakati wa kubalehe. Hushika viganja, nyayo, makwapa au uso, kwa kawaida pande zote mbili za mwili, na hukoma mtu akilala. Aina hii haihatarishi maisha, ingawa inaweza kumnyima mtu raha, masomo na kazi.

Aina ya pili ni dalili ya jambo jingine. Huanza ukubwani, hulowesha mwili mzima au humwamsha mtu usiku. Chanzo chaweza kuwa kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, malaria, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, kukoma kwa hedhi au dawa ambazo mtu anatumia, zikiwemo baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Mgonjwa wa kisukari anayetokwa na jasho la ghafla huku akitetemeka huenda sukari yake imeshuka. Anapaswa kunywa au kula kitu chenye sukari mara moja, kisha apimwe.

Kwa hivyo, mtu mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi, homa au kupungua uzito hapaswi kununua dawa ya kwapa na kungoja. Aende akapimwe kifua kikuu. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na anayezimaliza kama alivyoelekezwa hupona na kuwakinga watu wa nyumbani kwake. Naye anayetokwa na jasho jingi huku kifua kikimbana na pumzi zikimpungukia afikishwe hospitalini haraka, kwani huenda ni mshtuko wa moyo.

Tiba hupanda hatua kwa hatua

Ikiwa vipimo havionyeshi ugonjwa mwingine, matibabu huanza na njia rahisi. Bidhaa nyingi za makwapa zinazouzwa madukani huficha harufu tu. Za kuzuia jasho zina chumvi za alumini na huandikwa "antiperspirant" kwenye chupa. Zikishindwa, mhudumu wa afya anaweza kupendekeza dawa yenye kloridi ya alumini ya hadi asilimia 20.

Namna ya kuipaka ndiyo huamua kama itasaidia. Hupakwa usiku wakati wa kulala, juu ya ngozi iliyokauka kabisa, kisha huoshwa asubuhi. Ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu au iliyonyolewa siku hiyo, itawasha. Hutumiwa kila usiku hadi jasho lipungue, halafu mara moja au mbili kwa wiki. Wengi huiacha mapema wakidhani haifanyi kazi, ilhali waliipaka asubuhi baada ya kuoga. Ndimu na magadi si mbadala wake, huunguza ngozi.

Kwa viganja na nyayo, kuna tiba ya kutumbukiza mikono au miguu katika maji yanayopitishwa umeme hafifu kwa takriban dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki mwanzoni. Hutumia kifaa maalumu. Haimfai mjamzito wala mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mtu yeyote asijaribu kujitengenezea kifaa hicho kwa betri ya gari au umeme wa nyumbani. Anaweza kufa.

Zipo pia tembe, kama vile oksibutinini, ambazo hupunguza jasho mwili mzima. Hukausha mdomo, huweza kuleta ukungu machoni, kufunga choo na kuzuia mkojo. Kwa anayefanya kazi juani kuna hatari zaidi: mwili usiotoa jasho hushindwa kujipoza. Mkulima au mjenzi amweleze daktari kazi anayofanya kabla ya kuandikiwa tembe hizi, na mwenye presha ya macho aseme mapema.

Sindano za botulini huzuia neva zisiamshe tezi za jasho. Marekani iliziidhinisha kwa jasho kali la makwapani mwaka 2004. Nafuu hudumu kwa miezi kadhaa, kisha sindano hurudiwa, na gharama yake ni kubwa. Upasuaji wa kukata neva kifuani ni hatua ya mwisho kabisa, kwa kuwa baada yake wengi huanza kutokwa na jasho jingi mgongoni, tumboni au mapajani, na neva zilizokatwa hazirudishwi.

Ya kufanya nyumbani

Nguo za pamba zisizobana hupitisha hewa kuliko za nailoni. Anayevaa gambuti shambani abadilishe soksi, akaushe miguu katikati ya vidole na aanike gambuti usiku, la sivyo fangasi na harufu mbaya vitafuata. Pilipili, kahawa na pombe huongeza jasho kwa baadhi ya watu. Maji ya kunywa yasipunguzwe. Kiu haizuii jasho. Walimu nao wanaweza kumruhusu mwanafunzi kuwa na kitambaa cha kujifutia mezani, bila kumwita mbele ya wenzake.

Pa kuanzia

Mkazi anaweza kuanza kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini mwake au kwa zahanati iliyo karibu. Huduma za msingi katika vituo vya kiwango cha 2 na 3 hazilipiwi na aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kakamega. Wataalamu wa ngozi nchini ni wachache, hivyo huenda baadhi wakaelekezwa Eldoret au Nairobi.

Kabla ya kwenda, mgonjwa aandike jasho lilianza lini, hutoka sehemu gani, kama humpata usingizini, na dawa zote anazotumia. Majibu hayo manne humsaidia mhudumu kujua kama anatibu jasho lenyewe au ugonjwa uliojificha nyuma yake.