Kabla ya Kumhamishia Mama Ng'ambo, Tumuulize Kwanza

Wiki hii twaandika juu ya jambo lililoifika nyumba yetu wenyewe, nasi twajua kwamba nyumba nyingi zinalo: mzazi amebaki peke yake, na watoto wametawanyika ulimwenguni.

Mama yetu ni mzaliwa wa Mombasa. Aliolewa Machakos akiwa binti, na huko ndiko alikotuzaa sisi wanne. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, akazikwa huko huko. Tangu siku hiyo Mama aishi na msichana wa kazi. Amekwisha kupita miaka sabini, na baridi ya Julai ikishuka kutoka vilima vya Iveti, magoti humsumbua.

Kaka yetu mkubwa yuko Minneapolis, Marekani. Dada yetu yuko Birmingham, Uingereza. Sisi wawili tuko Mombasa. Mwaka jana kaka alisema, "Mama na aje kwangu." Sote tuliafiki, tukaanza kuulizia sheria.

Uingereza mlango ni mwembamba. Tangu Julai 2012, mzazi hana budi kuthibitisha kwamba uzee, maradhi au ulemavu umemfanya ahitaji kusaidiwa muda mrefu hata katika kuoga, kuvaa na kupika, na kwamba msaada huo hauwezi kupatikana nchini mwake, hata mwanawe akilipa. Mama angali akijipikia. Dada alisikitika: "Yaani mpaka awe hoi ndipo nimchukue?"

Marekani, raia aliyetimiza miaka 21 aweza kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu. Mwenye kadi ya ukaazi tu hawezi. Kaka ni raia, kwa hivyo njia ilikuwapo. Lakini hutia saini ahadi ya kumkimu mzazi. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, mzazi ambaye hajapata kufanya kazi kule hawezi kuinunua mpaka akae miaka 5 mfululizo. Na ile kadi ni ya kuishi kule hasa: akikaa nje mwaka mzima bila kibali alichokiomba mapema, aweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake.

Haya yote tuliyachunguza kwa bidii. Fomu tulikuwa tumezijaza nusu tulipotambua kwamba Mama mwenyewe hatujamuuliza.

Ijumaa moja, baada ya sala, tuliketi naye mkekani Machakos, wawili wa ng'ambo wakiwa kwenye simu. Mama alimimina chai ya tangawizi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Asubuhi kule nitakuwa na nani?"

Kaka alinyamaza. Yeye na mkewe hutoka alfajiri, watoto huenda shule, na Mama ajua Kiswahili na Kikamba tu. Akasema angalau adhana ataisikia, kwani mwaka 2023 baraza la jiji la Minneapolis liliruhusu adhana zote tano zitolewe kwa vipaza sauti. Mama alifurahi kweli. "Alhamdulillah, adhana nitaisikia. Na hodi je, nani atanipigia? Na siku yangu ikifika, mtanizika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Aya ya 23 ya Surat al-Israa yatuusia wema kwa wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwetu, na yatukataza hata kuwaguna. Sisi tulikuwa tumeuelewa wasia huo kuwa amri ya kumhamisha Mama. Yeye alituuliza kwa upole, "Kuwa pamoja ni mimi kuwafuata daima, au nanyi mwaweza kuja?"

Mama aliamua mwenyewe. Atakwenda Minneapolis kwa viza ya matembezi, miezi mitatu ya joto, awaone wajukuu, kisha arudi. Bima ya safari ataikata kaka. Kaka na dada watapokezana kuja nyumbani na watoto wao. Sisi wa Mombasa, kila mwezi mmoja wetu hupanda basi la usiku, akashuka Kyumbi na kufika Machakos asubuhi. Gharama tulizokuwa tumeziwekea maombi ya ukaazi sasa humlipa msaidizi mshahara wa haki na daktari wa magoti.

Hatusemi kila mzazi abaki. Yuko asiye na mtu nyumbani, na yuko anayetamani kwenda. Huyo na apelekwe kwa furaha. Tunachowaomba, akina mama na akina baba, ni kwamba swali limfikie mzazi kabla ya fomu, na jibu lake ndilo liamue ni karatasi gani ya kuomba.

Magoti ya Mama hayatapona kabisa, na huenda ikafika siku asiyoweza kujipikia. Tulipomwambia hivyo alijibu, "Siku hiyo mniulize tena." Tumeahidi. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza, na awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.