Wageni wa Kiangazi: Kitete na Kwetu

Wanachama wengi wa Jumuiya yetu wana jamaa Tabora, na si ajabu. Zamani za misafara watu wa Visiwani walikwenda Unyanyembe kutafuta pembe na, tusifiche, watumwa. Wanyamwezi nao walishuka pwani na mizigo mabegani, na baadaye wengi wakaja Unguja na Pemba kupalilia mikarafuu, wengine wasirudi tena. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alioa huko huko binti wa Mtemi Fundikira, jina lake Karunde. Basi mtu wa Pemba akisema anakwenda kwa shangazi yake Kitete, msimcheke.

Safari hizi hufanywa zaidi mwezi wa Agosti na Septemba, kabla karafuu hazijatubana. Kwetu huo ni wakati wa nafasi. Kwa mwenyeji wetu sivyo.

Tabora mvua hukatika mwezi wa Mei au karibu yake, na hazirudi ila Novemba. Mgeni akifika Septemba akaona magunia ya mahindi, mpunga na karanga yamepangwa, hudhani ni neema isiyokwisha. Kumbe akiba ile ni ya kuliwa mpaka mavuno ya mwakani, na mbegu imo humo humo. Miezi ya Januari na Februari, jembe likiwa shambani na ghala likiwa tupu, ndipo ugeni wa Septemba unapolipiwa. Mwenyeji hatasema neno. Atachinja kuku, na kesho atachinja mwingine, na wakati wa kuaga atakufungia karanga na asali ya miombo.

Mwaka juzi tulikwenda sita. Jamaa zetu wana nyumba upande wa Kitete, na shamba nje ya mji, mwendo wa baiskeli, nako ndiko tulikolala siku nane. Siku mbili za kwanza kila mmoja wetu aliwekewa ndoo ya maji ya moto, asubuhi na jioni. Siku ya tatu kijana mmoja katika sisi aliwafuata binamu zake kisimani kabla ya alfajiri. Kisima kile wakati wa kiangazi hungojewa, maji yakichuruzika kidogo kidogo, na foleni ya madumu ni ndefu. Alirudi jua limekwisha panda, hakusema kitu, ila jioni ile alioga kwa kopo, na sote tukafuata.

Chakula nacho kina habari yake. Asubuhi huko watu hunywa chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, na karanga pembeni. Ni chakula kizuri na chashibisha. Lakini kwa heshima yetu mtoto alipandishwa baiskeli kwenda mjini kununua mkate. Mwenzetu mmoja alipokataa mkate akaomba matobolwa, shangazi alicheka sana, akasema, "Sasa mmefika. Juzi mlikuwa bado mmo njiani."

Huko watu wamezoea wageni wa kukaa. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliyewashughulikia ni Snay bin Amir. Na mwaka 1858 Burton alikaa tena kwake tangu Juni hadi Septemba. Livingstone alingoja wapagazi katika tembe la Kwihara, karibu na mji, tangu Februari 1872, akaondoka tarehe 25 Agosti. Tembe hilo sasa ni nyumba ya makumbusho. Lakini mtazame: wageni wale walikuwa na nguo na shanga za kununulia chakula. Sisi twaenda na sanduku la kanzu.

Kwa hiyo anayekwenda mwaka huu na achukue papa mkavu, nazi, sukari na majani ya chai, na akifika anunue gunia la mahindi sokoni alitie ghalani bila ya kutangaza. Apewapo karanga apokee, maana kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Lakini aulize kwanza kama si za mbegu. Karafuu msichukue, hata kama shangazi ameziomba za pilau. Sheria ya magendo mnaijua.

Sasa upande wetu. Jamaa wa Tabora wakija, aghalabu huja msimu umechanganya, majamvi yametandazwa uwanja mzima, wachumaji wanadai ujira na wingu linatisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi jembe letu ni kuchambua. Mkalishe jamvini jioni pamoja na wenyeji atenge karafuu na makonyo. Mwite asaidie kuanua mvua ikikaribia. Lakini mti asiupande. Kijana aliyezoea mwembe hudhani tawi ni tawi, na tawi la mkarafuu hukatika ghafla bila ya kulia. Wenyewe tuliozaliwa chini yake tunaanguka kila msimu, seuze yeye. Hata akisisitiza, hata wenzake wakimtania, ngazi iondolewe.

Na akiwa amechambua zaidi ya siku mbili, alipwe kama wachambuzi wengine, apewe mkononi mwake mwenyewe, si kwa mjomba wake.

Katibu