Bungua wa Mabua: Mwizi Asiyeonekana Katika Bustani za Karatu

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Ngorongoro, karibu kila nyumba ina kibustani chake: mistari michache ya mahindi, maharage katikati, na tuta la mchicha karibu na maji. Wengi hukiona kuwa ni cha mboga ya nyumbani tu. Mfanyabiashara hatakiwi kukitazama hivyo. Humo ndimo yanamotoka mahindi ya kuchoma, maharage mabichi na mboga zinazouzwa sokoni na kwenye mahoteli ya watalii. Aidha, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimepigwa marufuku, hivyo wafugaji wa huko hununua nafaka kutoka nje. Karatu ikivuna kidogo, na wao hulipa zaidi.

Wadudu wanaotoboa mashina ndio wanaoiba faida hiyo kimyakimya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Jani likiliwa, mwenye shamba huona. Shina likitafunwa kwa ndani, mmea husimama kijani hadi siku ya upepo.

WEZI WATATU
Wa kwanza ni bungua wa mahindi. Katika nyanda za juu kama Karatu, anayesumbua zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Nondo jike hutaga mayai kati ya jani na shina. Viwavi wakianguliwa hupanda kwenye moyo wa mmea na kula majani machanga, na jani likifunguka huonekana matundu madogo yaliyojipanga mstari. Baadaye huingia ndani ya shina. Mmea mchanga hukauka moyo. Mkubwa huvunjika au hutoa hindi dogo.

Wa pili ni inzi wa maharage. Funza wake hushuka ndani ya shina hadi usawa wa udongo. Miche hugeuka manjano na kunyauka katika wiki chache za mwanzo, na ukiing'oa utaona shina limevimba na kupasuka karibu na mizizi. Wakulima wengi hudhani ni jua.

Wa tatu ni fukusi wa mchicha. Mtoto wake hutoboa shina la chini, na mchicha ulioachwa ukomae kwa ajili ya mbegu au kuchumwa mara nyingi huanguka wenyewe.

SHILINGI YA MAPEMA NA SHILINGI YA KUCHELEWA
Jambo moja linafaa kukaa kichwani mwa kila mwenye mtaji: dawa inayopuliziwa baada ya kiwavi kuingia shinani ni fedha iliyomwagwa. Haimfikii. Muda wa kumpata ni siku chache anapokuwa bado kwenye moyo wa mmea. Kwa sababu hiyo bustani ikaguliwe kila wiki, kuanzia wiki ya pili baada ya mahindi kuota.

Tupige hesabu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,012. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, utapata mashina yapatayo 4,500. Bungua akiharibu shina 1 katika kila 10, umepoteza mahindi 450. Chukua bei ya hindi moja bichi siku hiyo, zidisha, kisha linganisha na gharama ya dawa, bomba na kibarua. Kumbuka kwamba dawa haiokoi yote. Ikiokoa nusu, hesabu yako ni ya mahindi 225, si 450. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa bustani ndogo, mkono ni rahisi kuliko dawa. Ng'oa miche iliyokauka moyo pamoja na kiwavi wake, uichome au uwape kuku viwavi hao. Wapo wanaotia unga wa mwarobaini au wa majani ya utupa kwenye moyo wa hindi. Utupa ni sumu ya samaki, hivyo usioshwe karibu na mto au bwawa.

Anayenunua dawa ya dukani ahakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Endosulfani, iliyotumiwa sana zamani dhidi ya bungua, iliwekwa mwaka 2011 katika orodha ya kimataifa ya sumu za kuondolewa. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe, hasa kwa mchicha. Hoteli ikimgundua muuzaji wa mboga yenye sumu, hairudi kwake tena.

Maharage yapandwe mapema mvua inapoanza, yatiwe samadi, na yainuliwe udongo shinani ili mmea utoe mizizi mipya juu ya jeraha. Mchicha ung'olewe wote ungali mchanga, na visiki visiachwe bustanini.

MABUA BAADA YA MAVUNO
Kosa kubwa hufanyika baada ya kuvuna. Kiwavi wa bungua hulala ndani ya bua kavu kiangazi chote, na mvua zikianza hutoka akiwa nondo tayari kutaga. Mabua yanayosimamishwa au kujengewa uzio ni ghala la wadudu wa msimu ujao. Yalishwe mifugo mapema, au yalazwe chini yakipigwa jua kwa takriban wiki 4, ambapo joto huua wengi. Penye umwagiliaji, kama Mang'ola, mahindi yanayolimwa mwaka mzima humpa mdudu chakula kisichokatika, kwa hiyo jirani wote wanapaswa kukubaliana.

KWA MNUNUZI WA SHAMBANI
Anayenunua mahindi yakiwa bado shambani asitosheke na rangi ya kijani. Kagua mashina 10 katika sehemu 5 tofauti, jumla 50, na hesabu yenye matundu shinani au unga wa kinyesi. Kwa ruhusa ya mwenyewe, pasua mabua mawili matatu. Usichanganye na kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017: huyo huacha matundu makubwa yaliyochanika na kinyesi kingi kwenye moyo wa mmea. Mashina 10 kati ya 50 yakiwa na bungua, bei ya kukubaliana ishuke kabla ya fedha kutoka mfukoni, kwa kuwa baada ya hapo hasara ni yako.