Kilo Mbili Tu, Mbona Bega Halinyanyuki?

Kuna watu wakisikia neno dhahabu wanafikiria pete ya uchumba. Wengine wanafikiria Chunya. Kama mume wako au mchumba wako yuko kwenye kundi hili la pili, makala hii ni yako, na ukimaliza kuisoma iache mezani wazi wazi naye aione.

Dhahabu ya Lupa imekuwa ikivuta watu kwenda Chunya tangu miaka ya 1920. Zamani ilikuwa sururu, karai na maji. Siku hizi kuna ditekta, ile mashine ya fimbo ndefu yenye sahani chini, inayolia masikioni ikipita juu ya kitu chochote cha metali. Kutoka Mbeya mjini hadi Chunya ni kilomita zipatazo 70, kwa hiyo siyo lazima uwe mchimbaji wa kudumu ndipo uishike. Anaweza kuwa mhasibu, mwalimu, fundi simu, au mume wa mtu aliyeaga Ijumaa jioni kwamba anaelekea Makongolosi na washikaji, Jumapili atarudi.

Jumapili anarudi kweli, na bega bovu. Fulana hawezi kuvua mwenyewe. Mswaki anashika kwa mkono wa kushoto. Ukimgusa kiwiko anaruka kama amepigwa shoti. Usiku anageukia ukutani bila neno, na wewe kichwani umeshaanza kujenga picha ya mwanamke wa Makongolosi. Ukimwuliza kama amechoka, anakujibu kwa kiburi: "Mashine yenyewe kilo mbili tu, nitachokaje?"

Hebu tumjibu basi.

Kilo mbili za wapi?

Kwenye karatasi anasema kweli. GPX 6000 ya kampuni ya Minelab ya Australia, iliyotoka mwaka 2021, ina uzito wa kilo 2.1. Kaka yake GPZ 7000, ya mwaka 2015, ina kilo 3.3 hivi. Equinox 800 ya mwaka 2018 ni kilo 1.34 tu. Sukari ya kilo mbili hata mtoto wa darasa la nne anatumwa dukani na anairudisha huku anaruka ruka njiani.

Lakini mtoto ameikumbatia. Fanya jaribio dogo hapo hapo ulipo. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ishike karibu na kifua. Hata huisikii. Sasa nyoosha mkono mbele, chupa ikiwa mwisho wa mkono, usubiri. Kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha utakuwa unaitafuta meza. Chupa ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni umbali kati ya mzigo na bega.

Ditekta ndivyo ilivyo. Sahani iko mbali kabisa, kwenye ncha ya fimbo, zaidi ya mita moja kutoka kiganjani. Kila gramu iliyo kule mbele inauvuta mkono kuliko gramu iliyo karibu na kiwiko. Halafu mkono hauibebi tu, unaifagilia kushoto na kulia, na kila mwisho wa fagio inabidi uisimamishe na kuirudisha. Tuseme fagio moja linachukua sekunde tatu. Hayo ni mafagio 20 kwa dakika, 1,200 kwa saa. Ukitembea nayo saa sita, ambazo kwa mtu wa Makongolosi ni nusu ya siku tu, umefagia mara 7,200. Mke wake nyumbani akifagia uwanja mara 7,200 kwa siku moja, jamani, si tungempeleka hospitali?

Kuna jambo jingine ambalo halionekani. Msuli ukibana na kuachia, damu inapita vizuri. Ukibana tu bila kuachia, kama unavyoshikilia mpini wa mashine saa nzima, damu inapita kwa shida na msuli unaanza kuwaka moto. Na mtu akiwa na hamu ya dhahabu anashika mpini kama anashika usukani wa daladala kwenye kona. Ndiyo maana maumivu yanaanzia nje ya kiwiko, pale pale wanapoumia wacheza tenisi.

Tuwe wakweli pia, zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mashine ya kutafutia mabomu ya ardhini aliyoibuni Mpoland Józef Kosacki mwaka 1941, iliyotumika kule El Alamein mwaka 1942, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 14. Wale wanajeshi walikuwa na sababu nyingine za kusahau maumivu ya bega.

Uchovu unakula dhahabu kwanza

Hapa ndipo ningependa kila mwanaume anayejifanya chuma asome mara mbili. Kuvumilia hakumpi dhahabu zaidi. Kunampunguzia.

Mkono uliopumzika unaipeleka sahani sambamba na ardhi, sentimita mbili au tatu juu ya udongo, mwanzo wa fagio hadi mwisho. Mkono uliochoka unaifanya bembea. Katikati sahani iko chini, pembeni inapaa. Yeye mwenyewe hajui, anaona anafagia kama asubuhi. Lakini kila sentimita sahani inayopaa ni sentimita inayopotea kwenye kina. Kipande kidogo kilicho chini pembeni mwa njia yake kinabaki pale pale, na yeye anakikanyaga na buti kusonga mbele.

Masikio nayo yanachoka. Mashine hizi zina mlio mdogo wa chini unaoendelea muda wote, na dalili ya dhahabu ndogo mara nyingi ni badiliko dogo sana kwenye ule mlio. Siyo kelele ya king'ora kama kwenye sinema. Mtu mwenye kiu, jua la saa nane kichwani na hedifoni zimembana, analipita badiliko hilo bila kulisikia. Wengine wanaongeza sauti ili wakae macho, na wanazidi kujichosha.

Mashine kubwa za dhahabu zinauzwa maelfu ya dola za Kimarekani. Najua nyumba ambazo pesa ya kiwanja ndiyo iliyogeuzwa mashine. Kwa hiyo tunapozungumzia bega hapa tunazungumzia akiba ya watu wawili inayotembezwa porini na mkono usioweza tena kazi.

Mashine ikae kwenye mwili wako

Kosa la kwanza liko kwenye urefu wa fimbo, hasa kwa mashine za kukodi. Aliyeitumia jana alikuwa mrefu kama mlingoti, wewe wa wastani, unaichukua hivyo hivyo kwa sababu muda wa kukodi unakimbia. Fimbo ikizidi urefu, sahani inakwenda mbali na bega linalipa. Ikiwa fupi, unainama na kiuno kinalipa. Simama wima, bega liachie lining'inie, kiwiko kikunje kidogo tu, halafu rekebisha fimbo mpaka sahani ikae hatua moja mbele ya vidole vya miguu bila wewe kuinama wala kuinua bega. Pale mkono unapolala, karibu na kiwiko, pabane vizuri. Mkono ukicheza cheza ndani, kiganja ndicho kinachofanya kazi ya kuizuia mashine isipinduke.

Dakika tano hizo. Watu wanatumia muda mrefu kuliko huo kuchagua miwani ya jua.

Viatu navyo vina mchango wake, ingawa wengi hawaamini. Ukivaa buti zenye chuma kwenye vidole, sahani ikikaribia miguu mashine inapiga kelele. Unachofanya bila kujua ni kuisukuma mbali na miguu, mkono unanyooka, na tumerudi kwenye ile chupa ya maji. Simu na funguo mfukoni hali kadhalika. Vaa buti zisizo na chuma, simu iache kwenye begi.

Halafu mikanda. GPZ 7000 inauzwa pamoja na mikanda yake ya kuvaa mabegani na kiunoni, yenye kamba ya mpira inayoning'iniza mashine, ili mkono ubaki na kazi ya kuielekeza tu. Wapo wanaoiacha kwenye boksi kwa sababu eti inawafanya waonekane kama mtoto aliyefungwa mbeleko. Kaka yangu, huko porini nani anakuangalia? Uzito ukihamia mabegani yote mawili na kiunoni, unabebwa na misuli mikubwa inayobeba mwili wako kila siku. Kama mashine yako haina mikanda, mikanda ya begi zuri la mgongoni na kipande cha tyubu ya baiskeli vinaweza kufanya kazi hiyo. Hakikisha tu hakuna ndoano ya chuma inayocheza karibu na sahani.

Sahani yenyewe ina mjadala wake. Kubwa inafika chini zaidi kwa vipande vikubwa na inafunika eneo kubwa kwa fagio moja, lakini ndiyo uzito ulio mahali pabaya kuliko pote. Mimi ningeshauri ndogo kwa siku ndefu na kwenye vichaka, kubwa kwa saa mbili za asubuhi mkono ukiwa mpya. Washikaji watakucheka kidogo. Waache.

Na badilisha mkono. Mkono wa kushoto siku ya kwanza utafagia kama mlevi, siku ya nne utakuwa umezoea.

Mwenye mashine ni nani?

Wapo wenza wanaokwenda pamoja, na hilo napenda. Ila mara nyingi mgawanyo ni huu: baba ameshika mashine tangu saa kumi na mbili asubuhi, mama amebeba maji, chakula na sururu. Mama akisema alete ampokee, anajibiwa, "Mama Junior, hii mashine nyeti, utaweza kweli?" Mashine nyeti, lakini sururu siyo nyeti!

Wekeni zamu, na zamu ifuate saa, siyo huruma. Nusu saa mmoja anafagia mwingine anachimba, halafu mnabadilishana. Kila mkibadilishana fimbo irekebishwe upya kwa mwili wa anayepokea. Mkisubiri mpaka mtu aseme amechoka mtasubiri sana, kwa sababu mwanaume wetu hasemi, na sahani imeshaanza kupaa nusu saa iliyopita. Anayechimba ana faida nyingine, anaweza kuangalia kwa nyuma na kuona bembea inapoanza. Mwambie kwa utani, siyo kwa kelele. "Baba Junior, unafagia mawingu," inatosha.

Kama anakwenda na washikaji, huko zamu ni makubaliano yao. Wewe unaweza kumwuliza swali moja tu akirudi: mlibadilishana mara ngapi? Jibu litakueleza kuhusu bega lake kuliko atakavyokueleza mwenyewe.

Shimo nalo lina lake

Mgongo kwa kawaida hauharibiwi na kufagia. Unaharibiwa na kuinama na kuchimba kipande cha bati, kuinuka, kwenda hatua nne, kuinama tena kuchimba msumari. Piga goti moja chini badala ya kukunja kiuno, na weka kipande cha godoro la sponji chini ya goti. Sururu iwe ya mpini mrefu wa kutosha ili usilale juu ya shimo. Kabla ya kuchimba tafuta kwanza kitovu cha mlio kwa kuipitisha sahani kwa njia mbili zinazokatana, vinginevyo utachimba shimo la choo kwa ajili ya kizibo cha soda. Kila saa moja, dakika kumi kivulini, maji, na hedifoni zitoke kichwani kabisa.

Akishafika nyumbani, maji ya moto na mikono yako vinasaidia bega lililochoka, na sitaki kusema zaidi, ninyi ni watu wazima. Kwa kiwiko kilichovimba na kuwaka, siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mnaonunua dawa za maumivu kila Jumapili duka la dawa mtaani kama mnanunua vitumbua, diklofenaki ikitumika mfululizo inaumiza tumbo na figo. Mtu anayeihitaji kila wikiendi apunguze saa za kufagia kwanza.

Na asiende porini, aende kwa daktari, kama vidole vinakufa ganzi, kama kikombe cha chai kinamponyoka mkononi, kama maumivu yanamwamsha usiku au yamepita wiki mbili bila kupungua. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka mguuni pamoja na ganzi, hayo pia. Ikifika mahali anashindwa kuzuia mkojo au choo, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mashine imekodiwa mpaka Jumatatu.